Mkubwa kwa Hukumu ya Mahakama

Mume wangu, Kabeya Stanislas, alizaliwa mara tatu. Kadi ya ubatizo ilisema alizaliwa 1919. Kitabu chake cha kazi kilisema 1918, kwa sababu karani aliyekiandika alimkuta na ndevu. Kitambulisho cha serikali kilisema 1924, kwa sababu siku ile alikuwa amenyoa. Kwa miaka mingi karatasi hizo tatu zilikaa pamoja ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda chetu hapa Kolwezi, wala hazikugombana. Mimi, Tshiela, mke wake, sikuwahi kumuuliza ipi inasema kweli. Nilijua ana umri wa kutosha kuacha kukoroma, na hakuacha, basi.

Ugomvi uliletwa na mtihani. Stanislas alifanya kazi katika kampuni iliyouza mbao na misumari kwa migodi. Aliingia pale Januari 1941, na tangu mwezi huo ni yeye aliyeandika vitabu vyote vya hesabu, kwa mwandiko ule wake uliosimama wima kama watoto wa shule mbele ya mwalimu. Kila mwisho wa mwaka Musye Delvigne, Mzungu mkuu wa hesabu, alivuta kiti, akauliza ni wapi, akatia sahihi pale mume wangu alipomwonyesha kwa kidole. Kisha akaenda likizo.

Agosti 1956 tangazo likabandikwa ofisini. Mtihani wa wahasibu, uliokuwa wa Wazungu peke yao, sasa ungefunguliwa kwa wenyeji pia, mjini Elisabethville, tarehe 18 Machi 1957. Atakayefaulu ataruhusiwa kutia sahihi yake mwenyewe chini ya hesabu za kampuni. Stanislas alinisomea tangazo lile mara nne wakati nakaanga samaki, na mara ya nne samaki wakaungua. Mtu huyu hakutaka gari wala nyumba ya matofali. Alitaka jina lake likae chini ya hesabu alizozifanya mwenyewe, hilo tu.

Masharti yalijaza ukurasa mzima. Barua ya padri ya mwenendo mwema, akaipata. Cheti cha daktari, akakipata, ingawa daktari alimwambia apunguze chumvi na mimi nikalaumiwa. Picha mbili, akapiga akiwa na tai ya jirani. Yalibaki masharti matatu ya mwisho: mwombaji asiwe ametimiza miaka thelathini na mitano siku ya mtihani, awe amefanya kazi ya hesabu miaka kumi na mitano akiwa mtu mzima, na karatasi zake zote zikubaliane juu ya tarehe ya kuzaliwa.

Musye Delvigne alizipanga zile karatasi tatu mezani, akazitazama kwa raha, akamuuliza ni yupi kati ya mabwana hawa watatu anayetaka kufanya mtihani. Alicheka peke yake. Halafu akamweleza kwamba dawa ipo: aende mahakama ya wilaya apewe hukumu ya kuzaliwa, na mashahidi wawe mama yake mzazi na ndugu yake wa tumbo moja.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ndugu huyo alikuwa Mulumba, seremala wa kambi ya Musonoi, mdogo wake Stanislas. Mulumba alizaliwa kule Kasai siku nne kabla ya padri kupita kijijini, akabatizwa akiwa bado mwekundu, na padri akaandika tarehe: 4 Oktoba 1921. Katika ukoo wao wote ndiye mtu pekee aliyekuwa na siku ya kuzaliwa, na aliitumia vibaya. Kila Oktoba alitutaka tuje na kuku.

Stanislas alikaa mezani na rula na penseli. Kweli ya Mungu ni kwamba alizaliwa 1919, miaka miwili kabla ya mdogo wake. Lakini mtu wa 1919 angekuwa amepita umri wa mtihani. Ili aingie, ilimbidi awe amezaliwa baada ya Machi 1922. Akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akaweka penseli chini polepole. Ili afanye mtihani, ilibidi mdogo wake awe mkubwa wake.

Sijui kama watu wa leo wanaelewa. Kwetu sisi watu wa Kasai, kuku akipikwa, firigisi ni ya mkubwa. Mkubwa ndiye anayefungua mazungumzo, ndiye anayepokea mahari ya binti za nyumba, ndiye anayekalia kiti chenye mgongo. Baba yao alikuwa amekwisha kufa, na yote hayo yalikuwa ya Stanislas. Nilimwambia kwamba karatasi ni karatasi, itakwenda Elisabethville, nyumbani hakuna atakayejua. Nilisema kwa moyo mweupe. Nilikosea kama sijawahi kukosea maishani.

Jumapili tukapanda baiskeli mpaka Musonoi kwa mama mkwe wangu, Mama Bilonda, aliyekaa kwa Mulumba. Stanislas alimweleza taratibu, kwa heshima, akitumia maneno ya shule. Mama alisikiliza huku anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga ya jioni. Nilidhani atakataa kusema uongo mbele ya mahakama. Uongo haukumsumbua hata kidogo. Alichouliza ni tarehe gani mwanawe anataka kuandikwa, na Stanislas akajibu kwamba amefikiria Agosti 1922.

Mama Bilonda aliacha kuchambua. "Mulumba nilimuzala mwezi wa kumi," alisema. "Sasa we unataka kuzaliwa mwaka unaofuata, mwezi wa nane? Mutoto akingali na maziwa mi nilikuwa nimesharudia kwa bwana? Batu ya Kasai batasema nini juu yangu?"

Stanislas alimkumbusha kwa upole kwamba ni karatasi tu.

"Karatasi ni ya bazungu. Tumbo ilikuwa ya mi."

Alidai miaka miwili kamili kati ya mtoto na mtoto, kama mwanamke mwenye adabu. Chini ya hapo haendi mahakamani, na mtihani uende zake. Stanislas alitoa kijitabu chake mfukoni, akageuka upande, akahesabu kwa minong'ono. Miaka miwili ya mama ilimpeleka Oktoba 1923. Upande wa pili kulikuwa na lile sharti la miaka kumi na mitano akiwa mtu mzima. Mtu mzima, kwa jinsi kila mtu alivyojua hapa, ni aliyefika miaka kumi na minane, akaanza kulipa kodi. Kwa hesabu hiyo hakuweza kuzaliwa baada ya Machi 1924. Basi tundu lilikuwepo, la miezi mitano, kati ya heshima ya mama na sheria ya serikali. Akachagua tarehe 10 Desemba 1923. Alifurahi mno, akambusu mama yake kwenye kitambaa cha kichwa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa kwa uangalifu kiasi kile.

Alibaki Mulumba. Alikuwa nje anapiga randa ubao, na alipoambiwa hakushangaa wala hakucheka. Alifuta jasho, akafikiri sana, akatoa jibu ambalo mpaka leo siwezi kulipinga.

"Mi siwezi kuapa uongo mbele ya Mungu, kisha nirudie nyumbani nikuwe mudogo tena," alisema. "Hiyo njo zambi. Lakini kama tangu leo mi niko mukubwa kweli kweli, kwa chakula, kwa kiti, kwa maneno yote, basi nitakuwa sikusema uongo. Unaitika?"

Stanislas alikubali. Baadaye aliniambia alidhani ni mzaha.

Siku ya mahakama nilimtengeneza mume wangu mwenyewe. Alikuwa na mvi nyingi kuliko Mulumba, na kipara kimeanza kuchungulia, kwa hiyo nilichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya mawese, nikampaka kichwa chote. Alipendeza. Lakini chumba cha mahakama kilikuwa na bati na hakina dari, na kesi yetu iliitwa saa tano na nusu. Hakimu Mzungu aliwatazama wale wawili, mmoja mwenye nywele za kijana na mmoja ambaye utosi wake ulikuwa unamtiririkia shingoni kwa mistari miwili myeusi. Aliuliza yupi ndiye mdogo. Stanislas akainua mkono, na tone likaanguka juu ya kola nyeupe.

Mama Bilonda aliokoa siku. Aliapa, akaanza kusimulia jinsi alivyomzaa Stanislas: mvua iliyonyesha, mbuzi aliyekufa, jirani aliyechelewa, jinsi Mulumba mwenye miaka miwili alivyolia akiona kaletewa mdogo. Alieleza mpaka rangi ya kanga aliyomfungia. Mkalimani alichoka kutafsiri. Hakimu alitazama saa yake, ilikuwa inakaribia saa sita, akauliza kama mama anao uhakika. Mama akajibu kwamba kama hakimu ana shaka, basi amtaje mwingine aliyekuwepo mtoto alipotoka. Hakimu alipiga muhuri, nakala tatu, akaenda kula.

Nakala moja ilikwenda Elisabethville. Ya pili Stanislas aliitia ndani ya kopo la biskuti. Ya tatu Mulumba aliiomba, akaitengenezea fremu ya mbao ya mninga na kuitundika sebuleni kwake, mahali palipokuwa na picha ya Moyo Mtakatifu.

Na mateso yakaanza. Jumapili iliyofuata tulikula kwa Mulumba. Kuku aliletwa, na kabla mume wangu hajanyosha mkono, firigisi ilikuwa mdomoni mwa Mulumba. Alitafuna kwa utulivu wa mtu anayetii sheria. Alikalia kiti chenye mgongo na kumpa kaka yake stuli aliyoitengeneza mwenyewe, fupi, magoti ya Stanislas yakamfika kifuani. Alitaka aitwe yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa. Stanislas alikataa kutamka, akawa anamwita "we" tu, basi Mulumba akawa haitiki. Alimtuma kiberiti mbele za watu. Alimshauri juu ya maisha. Alimwambia kwamba kijana wa umri wake asikubali kunenepa.

Nilichemka. Nilimwambia Stanislas amrudishe mdogo wake mahali pake, kwa kofi kama haiwezekani kwa maneno. Alijibu kwamba wametoa neno, na kwamba itakwisha baada ya mtihani. Lakini nilimwona anavyokula mchuzi bila kuinua macho. Alikuwa amembeba yule mjinga tangu utotoni, na sasa anatumwa kiberiti.

Ninachopaswa kusema pia, maana mimi si mtu wa kuficha, ni kwamba ukubwa haukuwa firigisi peke yake. Watu wa ukoo waliposikia kuna hukumu yenye muhuri, walianza kwenda kwa Mulumba na mizigo yao. Shemeji kutoka Kisenge alileta ugomvi wa ndoa uliodumu siku tisa. Kutoka Fungurume walikuja ndugu saba kwa ajili ya matanga, wakalala kwake wiki mbili, wakala unga wake wote. Mbelu, mke wa Mulumba, alikuja kwangu kunililia kwamba mume wake haendi tena kazini bila kuitwa njiani kuamua neno la mtu. Nilimpa chai. Sikumhurumia sana.

Hivyo tukafika Januari 1957. Jumanne moja, mchana, Stanislas alirudi nyumbani saa ambayo hakupaswa kurudi. Aliketi na kofia kichwani. Ofisi ya mitihani ya Elisabethville ilikuwa imejibu, na Musye Delvigne alikuwa amemsomea barua kwa sauti ile ya mtu anayesoma habari za mvua. Walikubali tarehe ya kuzaliwa. Walikubali padri, daktari na picha. Ila walitaka kumfahamisha mwombaji kwamba kwa sheria mtu mzima ni mwenye miaka ishirini na mmoja, si kumi na minane. Aliyezaliwa Desemba 1923 alikuwa mtu mzima Desemba 1944. Kwa hiyo ana miaka kumi na miwili na miezi mitatu ya kazi, na miaka ya kabla ya hapo ni miaka ya mtoto, haihesabiki. Ombi limekataliwa.

Nilimuuliza kama hawezi kungoja mpaka itimie. Alichukua kidole changu akakiweka juu ya meza, kama vile anamfundisha mtu hesabu. Ishirini na moja, jumlisha kumi na tano, ni thelathini na sita. Mtihani unamtaka mtu aliye chini ya thelathini na mitano. Hakuna mwanadamu aliyeumbwa anayeweza kuingia hapo. Mzungu mwenye diploma aliandikiwa miaka mitatu tu, yeye angeingia. Kwetu sisi waliweka mlango halafu wakajenga ukuta nyuma yake.

"Na mi njo niliitwa mutu wa hesabu," alisema. "Sikuiona."

Akalia. Nasema wazi, mume wangu alilia mezani, na kofia ikaanguka. Alikuwa ameuza ukubwa wake na hakupewa kitu. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikioni, na kwa kuwa Elisabethville ni mbali, niliipeleka Musonoi.

Nilimkuta Mulumba anagonga misumari kwenye fremu ya mlango. Nilimwambia kwamba yeye aliyetaka sana kuwa mkubwa, mdogo wake yuko nyumbani analia, na sasa tuone mkubwa anafanya nini. Nilitarajia aone haya. Alitema misumari mkononi, akaniomba nimweleze barua yote, neno kwa neno. Nikamweleza. Aliuliza kama ni kweli wameandika kwamba miaka ile Stanislas alikuwa mtoto. Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani aliyeandika vitabu vya kampuni miaka ile. Nikasema anajua vizuri ni nani. Akaingia ndani, akavaa suti yake ya ndoa, ambayo haikufungika tena tumboni, akaishusha ile hukumu ukutani pamoja na fremu yake.

Yaliyotokea ofisini nilielezwa na Stanislas, naye si mtu wa kutia chumvi, hata sombe anaila bila. Alikuwa mezani kwake asubuhi ya Jumatano alipomwona Mulumba anapita na fremu kwapani kama anayeuza picha, anaelekea moja kwa moja kwa Musye Delvigne. Alimfuata akitaka kumzuia. Hakuwahi. Musye aliuliza huyu ni nani.

"Mi niko mukubwa yake," alisema Mulumba, akaegemeza fremu juu ya meza. "Karatasi njo hii. Mutoto akiwa na neno, mukubwa yake njo anasema."

Musye alisoma hukumu, akatazama kipara cha Stanislas, akaomba aambiwe haraka maana ana kazi. Mulumba alivuta kiti bila kukaribishwa. Alieleza kwamba yeye ni seremala. Mwanafunzi wake akitengeneza mlango, mlango ukaangukia watu, hakuna anayemfuata mwanafunzi, wanamfuata fundi aliyesema mlango ni mzuri. Sasa amesikia kwamba vitabu vya kampuni hii, tangu mwaka arobaini na moja mpaka arobaini na nne, viliandikwa na mtoto.

Musye akasema hakuna mtoto aliyeandika kitu pale. Kila mwaka yeye mwenyewe hutia sahihi tamko kwa watu wa kodi kwamba vitabu vimeandikwa na karani mtu mzima na mwaminifu.

Mume wangu anasema kwamba mle chumbani Musye alikuwa wa mwisho kusikia alichokisema.

"Basi chagua, Musye," alisema Mulumba. "Kama alikuwa mutoto, mi nakwenda leo kwa batu ya kodi na karatasi hii, bafungue tena bitabu bya miaka mine. Kama alikuwa mutu muzima, andika. Mi niko na saa. Leo nimeomba ruhusa kazini."

Stanislas alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Miaka kumi na sita alikuwa amezungumza Kifaransa kizuri na mtu yule, Kifaransa cha vitabu, na katika Kifaransa kile chote hakuwahi kumwomba kitu hata siku moja. Musye Delvigne aligeuka rangi mara mbili. Kisha akamwita mpiga chapa. Barua ilisema kwamba Kabeya Stanislas amefanya kazi ya mtu mzima tangu Januari 1941, kama ilivyotangazwa kwa serikali kila mwaka, na kwamba kampuni itashangaa sana kusikia vinginevyo. Wale wa Elisabethville nao walielewa haraka. Sidhani kampuni ya misumari ilikuwa peke yake kutangaza karani wa umri ule kuwa mtu mzima. Wiki tatu baadaye ukaja wito wenye namba ya kiti.

Alifaulu, nisiwachoshe kwa kuwangojesha. Wa pili kati ya kumi na mmoja, na wa kwanza alikuwa Mzungu aliyeufanya mara ya tatu. Lakini mtu akiniuliza juu ya mtihani ule, mimi nakumbuka stesheni ya Kolwezi, asubuhi alipoondoka.

Tulikuwa wote: mimi, Mama Bilonda, Mbelu, na Mulumba katika suti isiyofungika. Treni ilikuwa tayari inapumua. Mama alifungua pindo la kitenge akatoa kipande cha pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu mtu anayekwenda kwenye jambo zito hupakwa kwenye paji la uso. Tunasali misa, ndiyo, na pemba tunapaka. Baba akiwa amekufa, anayepaka ni mtoto wa kwanza. Na hapo tukasimama wote tunatazamana, maana mtoto wa kwanza ndiye aliyekuwa anasafiri.

Mama hakumtazama yeyote. Alinyosha mkono na ule udongo katikati yao.

Mulumba aliupokea kwa kuwa alipokea kila kitu cha mkubwa tangu siku ya mahakama. Alitema mate kidogo juu yake, akausugua kwa kidole gumba, akainua mkono. Kisha akakwama. Yule mtu wa firigisi, wa kiti chenye mgongo, alisimama mbele ya abiria wote wa daraja la pili na mkono juu.

"Siwezi," alisema. "We njo ulinibeba mugongo siku tulikimbia moto ya pori. Naanza kukubariki namna gani?"

Treni ilipiga filimbi. 

Stanislas alivua kofia akanipa. Alikuwa mrefu kuliko Mulumba, basi alikunja magoti, na mtu yule aliyekataa miezi mingi kumwita mdogo wake kwa jina la heshima aliinamisha kichwa mpaka kipara chake kikawa chini ya kidevu cha seremala.

"Paka, yaya," alisema. "Kule ninakokwenda sina mutu."

Mulumba alipaka. Kwa kuwa alikuwa analia na haoni vizuri, alipaka kama anayepaka rangi mlango, paji lote, na nyusi, na kipande cha pua. Stanislas hakufuta. Alipanda ndani vile vile, akaketi dirishani na uso wake mweupe, na Mzungu aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo. Mulumba alikimbia kandokando ya behewa mpaka mwisho wa stesheni, suti imemfunguka yote, anampigia kelele mdogo wake kwamba asisahau kula.